Blanketi la Nyundo

"Hicho mlichokilaza uani mkakifunika blanketi, ni mgonjwa au ni maiti?"

Aliyeuliza alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili. Mtaa mzima ulimwita Sindano, nusu kwa sababu ya kazi yake na nusu kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa ameegemea ukuta mfupi unaotenganisha nyua mbili, kipande cha uzi bado kimemning'inia mdomoni, na macho yake yalikuwa yameshapita juu ya ukuta kabla swali halijafika.

Mama mjane aliyekuwa akifagia hakuinua kichwa. "Ni nyumba yangu," akasema.

"Nyumba yako?"

"Ndiyo. Imelala. Siku ikiamka utaisikia, wala hutahitaji kuchungulia."

Sindano alicheka mpaka uzi ukaanguka, lakini mama hakuwa akitania. Chini ya blanketi lile palikuwa na nyundo. Si nyundo ya kushika mkononi. Ilikuwa pande la chuma lenye urefu wa kitanda, limejaa mwili kama ng'ombe aliyelala, mdomoni lina patasi nene kuliko paja la mtu, na ubavuni linatoa mipira miwili myeusi ya kupitishia oili. Nyundo ya namna hiyo huning'inizwa kwenye mkono wa ile mashine ya kuchimbia ambayo watu huiita kijiko. Kikapu cha kuchotea udongo kinatolewa, nyundo inawekwa mahali pake, mashine inasukuma oili ndani ya mpira mmoja, oili inapiga nyundo kwa nguvu, kisha inarudi kwa mpira wa pili. Ikiwa nzima, mwamba hauna ubishi nayo.

Nyuma ya nyumba ya mwanawe, mama alikuwa na chumba chake kilichosimama kuta tupu, kinatazama mbingu. Mabati ya kukiezeka aliyanunua moja moja kwa kufulia watu nguo, akayapanga chini ya kitanda. Siku nyundo ile ilipopatikana kwa mkandarasi mmoja mzee aliyekuwa anafunga kazi, mkwewe, mke wa mwanawe, alikwenda kuiangalia. Mkwe huyo kazi yake ilikuwa kupima nguvu za mashine kwenye karakana. Aliifungua nyundo, akatazama ndani, akarudi akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, ile nyundo ni nzima. Tukiikodisha, utaezekwa kwa mabati mapya na dari juu yake. Ni neno langu."

Mama alimwomba Mungu siku kadhaa. Kisha akayatoa mabati chini ya kitanda kwa mikono yake mwenyewe, yakauzwa, nyundo ikanunuliwa, na yeye akaendelea kulala sebuleni juu ya kochi lililomzidi miguu. Tangu hapo akaitunza nyundo kama mtu anavyotunza akiba. Asubuhi aliifuta vumbi. Jioni aliifunika. Mvua ikianza kudondoka, aliikimbilia nyundo kwanza, nguo za kamba baadaye.

*

Kazi ilipokuja, ilikuja mlangoni. Mtaa ule ulikuwa umengoja bomba la maji kwa muda mrefu, na sasa mtaro wa bomba ulikuwa umechimbwa vizuri mpaka mwisho wa njia, pale ulipogonga mwamba. Kijiko kilikwaruza, kikatoa cheche, kikashindwa. Dereva wa kijiko hicho alikuwa ndiye mwana wa mama mjane, basi akamwambia msimamizi wa kazi kwamba nyumbani kwake iko nyundo.

Msimamizi, mtu mfupi mwenye kofia ya plastiki ya njano na tumbo lililotangulia, alikubali kwa masharti. "Ileteni. Ikivunja mwamba huu leo, nitaikodi kwa mtaro wote mpaka juu kilimani. Isipovunja, ikifika saa ya chakula namwita mwenye nyundo nyingine. Mimi sina undugu na mawe."

Basi nyundo ikabebwa, ikafungwa kwenye mkono wa kijiko, na mtaa ukatoka kutazama. Wenye ndoo walikuja na ndoo zao, kana kwamba maji yangetoka mwambani papo hapo. Sindano alifunga cherehani. Mama mjane alitangulia watu wote, amevaa gauni lake la ibada na kichwani amefunga kilemba kilichoshonwa kwa kitambaa kile kile, bluu yenye maua ya manjano. Akasimama mbele kabisa kama mama wa bwana harusi.

Dereva aliwasha mashine, akashusha patasi juu ya mwamba, akakanyaga pedeli.

Tok.

Watu wakangoja.

Tok. Kisha kimya. Kisha tok nyingine, ya aibu, kama mgeni anayegonga mlango huku akiomba asisikike.

"Inabisha hodi!" mtu mmoja akapaza sauti.

"Basi mwamba nao useme karibu!"

"Aa, hiyo inasalimia tu. Nyundo yenye adabu hiyo, imelelewa!"

Kicheko kikapita kwenye ule umati kama upepo kwenye nguo zilizoanikwa. Dereva alikanyaga tena, akakanyaga zaidi. Mashine ikanguruma, ikatoa moshi, na nyundo ikaendelea na tok zake. Mwamba haukutoa hata unga.

"Kwa mchi wangu wa nyumbani ningeshafika nusu," akasema Sindano, kisha akamwona mama mjane amesimama vile, mikono imeshikana kifuani, akajutia maneno yake. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Msimamizi alipanda kwenye ngazi ya mashine. "Zima. Zima, kijana. Nyundo yenu imekufa."

"Bosi, huenda ni pampu ya mashine. Mashine nayo ni ya siku nyingi."

"Usiisingizie mashine yangu! Jana imechimba, juzi imechimba. Leo imebebeshwa maiti yenu ndiyo imekuwa mbaya?" Akatazama jua. "Saa ya chakula, tumeelewana."

Dereva akazima mashine. Alitoa simu, akampigia mkewe.

*

Mpimaji alikuja nyuma ya pikipiki, amevaa ovaroli iliyofifia magotini, amekumbatia sanduku la chuma kama mtu aliyebeba mtoto. Mlinzi wa kamba iliyozungushiwa mtaro alimnyooshea mkono.

"Dada, wanaongoja maji wanakaa upande ule."

"Sikuja kungoja maji, kaka. Nimekuja kuyafungulia njia."

Mlinzi akatazama ovaroli, akatazama sanduku, akainua kamba.

Mama mkwe wake alimfikia kwanza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulisema ni nzima."

"Nilisema, mama."

"Watu wamecheka."

"Nimesikia, mama."

"Mimi nalala kwenye kochi, mwanangu. Miguu yangu inalala kwenye stuli. Sijawahi kulalamika."

Mpimaji alitaka kusema kwamba amewahi, tena Jumapili iliyopita tu, lakini akameza. "Ngoja nipime, mama. Nikishapima ndipo unihukumu."

Msimamizi naye alikuwa na lake. "Subiri kwanza. Nyundo ni yako, sanduku umekuja nalo wewe, na kupima unapima wewe. Mwizi na hakimu wamekuwa mtu mmoja hapa?"

Watu wakaguna. Lilikuwa swali la haki, na mpimaji hakulikasirikia. Alifungua sanduku juu ya jiwe, akamwonyesha. Ndani mlikuwa na vioo viwili vya kusomea na koki moja katikati.

"Huu mshale unaonyesha oili inayopita ni nyingi kiasi gani. Huu unaonyesha inasukuma kwa nguvu gani. Kazi yangu ni kufunga na kufungua koki. Kusoma, soma wewe mwenyewe, tena kwa sauti, watu wote wasikie."

Msimamizi hakutegemea hilo. Alivuta suruali juu, akainama mbele ya vile vioo, na kuanzia hapo akawa ndiye mwenye kazi.

Mpimaji hakuanza mara moja. Kwanza alimwambia mumewe aiache mashine ingurume bila kazi mpaka oili ipate moto, maana oili baridi ni nzito kama asali na huwaongopea watu. Umati ulichoka kungoja. Kisha akazima, akatoa presha yote, akaitenga kabisa nyundo na mipira yake, akaliunganisha sanduku moja kwa moja kwenye mabomba ya mashine.

"Sasa nyundo haimo," akaeleza. "Tunaiuliza mashine peke yake."

Akaanza kuibana koki kidogo kidogo, kama mtu anayeziba mdomo wa bomba la bustani kwa kidole, ili mashine ijione imebeba mzigo.

"Mshale wa nguvu unapanda," msimamizi akatangaza. "Unapanda... unapanda bado..."

"Na wa oili?"

"Umesimama pale pale. Umeshuka kiduchu tu."

Akabana zaidi. Mashine ikalalamika kwa sauti nzito. "Na sasa?"

"Nguvu imefika kwenye alama nyekundu uliyonionyesha. Oili bado inapita vizuri." Msimamizi alinyanyuka, uso umeng'aa. "Mashine yangu ni nzima! Si nilisema? Nzima kama siku ilipozaliwa!"

Mpimaji akafungua koki taratibu. "Ndiyo. Mashine ni nzima."

Kila mtu alielewa maana yake. Kama mashine ni nzima, basi mgonjwa ni yule mwingine. Mama mjane aliketi polepole juu ya rundo la udongo, gauni la ibada na yote, akatazama mbele. Hakuna aliyecheka safari hii. Mtu mmoja alianza kukusanya ndoo zake.

Dereva alishuka, akamvuta mkewe pembeni ya tairi. "Kwa nini hukusema pampu imechoka? Pale nani angejua?"

"Alikuwa anasoma yeye mwenyewe."

"Ungeibana koki kidogo tu, ungefanya ujanja..."

"Mume wangu," akasema kwa upole, "mama yako analala sebuleni kwa neno langu. Leo nikidanganya hapa, lile neno la kwanza litakuwa nini?"

Dereva alijikuna shingo. Alikuwa mtu mwema aliyeogopa aibu kuliko njaa, na mkewe alilijua hilo siku alipokubali kuolewa naye. "Sasa tunafanyaje?"

"Sijui bado."

*

Wakati wao wakinong'ona, mama alikuwa ameinuka. Alikwenda mpaka ilipolala nyundo, akaweka kiganja juu ya chuma, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti.

"Ee Mungu, wewe uliyeufanya mwamba, wewe ndiwe uliyekifanya na chuma. Sikukuomba jumba. Nilikuomba bati. Hiki kitu nimekifunika kwa blanketi langu mwenyewe nikalala na baridi, na wewe ulikuwa unaona..."

Msimamizi aliangalia huku na huku, kisha kwa shingo upande akavua kofia. Alipoona maombi hayaelekei kuisha, akakohoa. "Mama, samahani. Hicho ni chuma tu."

Mama alifumbua jicho moja. "Na wewe ni udongo tu, baba, na bado kuna mtu anakuombea."

Umati uliangua kicheko, na kicheko hicho kilikuwa cha namna nyingine, kilikuwa upande wake. Hata msimamizi alicheka, tumbo likatikisika, akairudisha kofia kichwani akiwa ameiva uso. Mlinzi wa kamba alilazimika kugeukia ukuta.

Mpimaji naye alicheka. Na katika kucheka, mabega yakalegea, akavuta pumzi, akaitoa, na hapo hapo akasimama kimya akitazama mipira miwili ya nyundo iliyokuwa imelala udongoni.

"Bosi," akasema, "saa ya chakula imefika?"

"Imebisha hodi. Kama nyundo yako."

"Nipe kipimo kimoja zaidi. Mashine tumeiuliza kama inavuta pumzi. Nyundo hatujaiuliza kama inaitoa."

Msimamizi alitazama barabara ambako angemwita mwenye nyundo nyingine, akamtazama mama mjane ambaye jicho lake moja bado lilikuwa wazi juu yake. "Kimoja," akasema. "Na nasoma mimi."

Nyundo ikafungwa upya. Safari hii mpimaji aliweka geji ndogo kwenye mpira wa pili, ule wa kurudisha. "Oili ikishapiga kazi," akamwambia msimamizi, "inarudi kwenye tangi imechoka, haina ubishi na mtu. Mshale huu unatakiwa usinyanyuke sana kutoka chini. Tazama hapo tu."

Dereva akakanyaga pedeli. Tok.

"Lo!" msimamizi akaruka. "Umepanda! Umepanda juu na umekaa huko huko!"

"Zima!" Mpimaji alipiga kofi moja. "Zima, zima! Oili inaingia lakini hairudi. Nyundo inataka kupiga, mlango wa nyuma umefungwa. Haijafa hii. Imekabwa!"

"Imekabwa na nini?" dereva akauliza kutoka juu.

Mkewe aliinama juu ya ile mipira. Moto ulikuwa umempanda masikioni. Karakana yake haikupokea mpira wa mteja yeyote bila yeye kuuinua juani na kuuchungulia mpaka mwisho, kama mtu anayetazama mwezi. Watoto wa karakana walimtania kwa hilo. Na hii mipira miwili, ya uani kwake, ya nyumbani kwake, hakuichungulia. Aliiona imefungwa vifuniko vyake, safi, imefutwa vumbi, akaona ya nini.

"Hii mipira mimi sikuiangalia ndani," akasema, wala hakunong'ona.

"Si ilikuwa na vifuniko?" mumewe akasema.

"Ndiyo maana sikuiangalia."

Alitoa presha yote, akaungoja mshale ulale, akaufungua mpira wa kurudisha, akauinua juani, akafumba jicho moja. Watu wakasogea. Giza. Mwanga ulitakiwa uwe mwisho wa mpira kama sarafu; haukuwapo.

"Leteni upepo," akasema.

Mtambo wa upepo ulikuwapo pale kwa kazi nyingine. Wakaufunga upande mmoja wa mpira, wakauelekeza upande wa pili kwenye mtaro, watu wakarudi nyuma. Upepo ukaingia, mpira ukavimba kidogo, ukatetemeka, ukasema pup! na kitu cheusi, kizito kwa oili, kikaruka juu ya mtaro, kikapiga kofia ya njano ya msimamizi, kikateleza, kikaning'inia begani mwake.

Msimamizi alikichukua kwa vidole viwili. Akakikamua. Akakikunjua. Oili ilipochuruzika, rangi ikajitokeza kidogo kidogo: bluu. Halafu ua. Halafu ua la pili, la manjano.

"Hee!" Sindano alipasua ukimya. "Hicho nimekikata mimi! Kwa mkono wangu huu! Ni masalio ya..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Mtaa mzima, wenye ndoo na wasio na ndoo, msimamizi, mlinzi, dereva juu ya mashine yake, wote waligeuka wakakitazama kilemba cha mama mjane.

Mama hakusogea. Maua ya manjano yaling'aa juani kama yaliyofuliwa jana, na kwa kweli yalifuliwa jana.

"Sisimizi walikuwa wanaingia," akasema hatimaye.

Msimamizi akakigeuza kitambaa upande wa pili.

"Mstari mrefu. Wanaingia kama wana tiketi. Mimi nikasema, nyumba ya watu hii, haiwezi kuwa ya sisimizi. Nikakitia kitambaa."

"Lakini kilikuwa mbali sana ndani, mama," mpimaji akasema. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Nilikisukuma ili kifuniko kipate kukaa. Kazi ya nusu nusu mimi siijui."

"Ulisukuma na nini?" dereva akauliza, ingawa alianza kuhisi.

"Mwiko."

"Ule mwiko wa ugali uliosema umevunjika?"

Mama akatazama pembeni. "Ulivunjika. Uliuliza ulivunjwa na nini?"

Mpimaji ndiye aliyeanguka kwanza. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye udongo, mikono ya oili imefunika uso, na alipoitoa uso ulikuwa mweusi na machozi yamechora mifereji miwili. Kisha mtaa wote ukafuata. Mwenye ndoo aliipiga ndoo kama ngoma. Msimamizi aliinama akashika magoti, kile kitambaa bado kimo mkononi. Sindano alilia kabisa, akasema tangu aanze kushona hajawahi kuona nguo yake ikisimamisha mashine.

Mama peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amefanyiwa mzaha na watu aliowafulia nguo, na uso wake ulikuwa umekaza kama shuka lililovutwa. Mkono wake ulipanda kichwani, ukagusa kilemba, ukashuka.

*

Waliusafisha mpira kwa oili mpya. Mpimaji aliuinua juani, akamwita msimamizi achungulie. "Naona mawingu," msimamizi akasema, na mpimaji akaufunga.

Dereva akawasha. Akashusha patasi. Mkewe akasimama kando ya geji, na msimamizi, ambaye sasa hakuna wa kumnyang'anya kazi hiyo, akainama akauangalia mshale.

"Uko chini," akasema kwa sauti ya mtu aliye ibadani. "Umelala."

Pedeli.

Haikuwa tok. Ardhi ilitikisika. Nyundo iliingia kazini kwa mapigo yaliyofuatana mpaka sikio lisiweze kuyatenganisha, vumbi jeupe likapanda, ndoo zikacheza zenyewe juu ya udongo, bati la kibanda cha jirani likaimba, mbwa wakakimbia kila mmoja kwao. Mwamba ulivumilia, kisha ukatoa ufa mwembamba kama unywele, ufa ukatembea, ukafunguka, na ule mwamba uliokuwa umeusimamisha mtaa ukagawanyika vipande viwili kama mkate.

Kelele zilizopigwa hapo zilishinda za mashine. Watu wasiosalimiana walikumbatiana. Mlinzi alisahau kamba, watoto wakapita chini yake. Sindano aliruka akapoteza kiatu kimoja, akaendelea kuruka na kingine.

"Mtaro wote!" msimamizi alimpigia kelele mpimaji sikioni. "Mpaka kilimani! Na kesho uje na sanduku, kuna mashine yangu nyingine kule inanisumbua!" Akampa mkono, na mkono wake ukatoka mweusi, akautazama, akaupangusa kwenye suruali bila kujali.

Mpimaji akageuka kumtafuta mama mkwe wake amwambie habari ya mabati. Pale mbele kabisa, mahali pa mama wa bwana harusi, hapakuwa na mtu.

*

Walimkuta nyumbani, jua likiwa linaelekea kushuka. Alikuwa ameketi kwenye kochi lake, stuli ipo mbele, miguu chini. Blanketi lilikuwa limekunjwa mapajani. Juu ya meza palikuwa na mwiko mpya, bado una karatasi ya dukani.

Nje ya dirisha uani palikuwa tupu. Alama ya nyundo ilibaki kwenye udongo, mviringo mrefu usio na majani, kama pale anapolala mnyama mkubwa kila siku.

Dereva aliingia anacheka, akaona uso wa mama yake, akaacha kucheka, akajifanya anatafuta maji. Mkewe aliketi sakafuni karibu na stuli, ovaroli na yote. Uso wake bado ulikuwa mweusi, na mifereji miwili ya machozi ya kicheko bado ilikuwa imechoreka.

"Mama," akasema, "wametukodi mpaka kilimani. Mwezi ujao unaezeka."

Mama alitikisa kichwa kuonyesha amesikia.

"Na kosa halikuwa lako peke yako. Kuchungulia ilikuwa kazi yangu. Wewe ulifanya kazi yako ya kutunza, mimi sikufanya yangu."

Mama alilinyoosha blanketi mapajani. Ukutani saa iligonga. Ng'ambo ya ukuta mfupi, Sindano alisikika akiwasimulia wateja, na alikuwa tayari amefika kwenye mwiko.

"Sogea hapa," mama akasema.

Mpimaji akasogea. Mama akainua mikono, akafungua fundo la kilemba, akakivua. Nywele zake za mvi zilikuwa zimesukwa mistari miwili kama za msichana wa shule. Akaishika taya ya mkwewe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, kwa kile kitambaa cha bluu cha maua ya manjano alichokuwa akikivaa kwenye ibada tu, akaanza kumfuta. Alifuta paji la uso. Akafuta mashavu. Akafuta nyuma ya masikio, kwa nguvu, kama wanavyofutwa watoto, mpaka mkwewe akafumba macho.

"Mama, kilemba chako! Oili hii haitoki!"

"Mimi ni dobi," mama akasema. "Najua kisichotoka."

Alipomaliza, akakikunja kitambaa kilichoharibika, mara mbili, kwa unadhifu, akakiweka ndani ya sanduku la kupimia, pembeni ya vile vioo, akalifunga.

Kisha akatazama uani. "Nyundo italala wapi leo?"

"Kule kule mtaroni, mama," dereva akajibu kutoka mlangoni, bilauri mkononi. "Pamoja na kijiko. Usijali, kuna mlinzi."

"Huyo mlinzi ana blanketi?"

Mume na mke wakatazamana.

Mama akainuka, akaliweka blanketi begani, akavaa viatu, akatoka kuelekea mtaroni.